Simile

Makutano ya Beodeul, mjini Daegu,
taa ziling'olewa mwezi wa kumi.
Nyekundu, njano, kijani, zikapakiwa lorini
kama meno ya mtu aliyezeeka,
na pale nguzo zilipokuwa
pakabaki viraka vinne vya lami mbichi.

Magari sasa yanapigiana hodi.
Mara kumi kwa kila sekunde kila gari hujitaja:
ni mimi, niko hapa, mwendo wangu huu, nakata kushoto;
na mwenzake hujibu: pita, nimepunguza.
Hakuna honi. Hakuna tusi la dirishani.
Basi la mia nane na kumi na nne hupenya kati ya teksi mbili
kama uzi kwenye tundu la sindano,
abiria wamelala, midomo wazi.

Mimi niliketi orofa ya sita nikiyasoma mazungumzo hayo.
Pyo Se-hyeon, zamu ya usiku,
kahawa ya kopo, soksi juu ya soksi.
Nilijivuna. Nilimwandikia mama:
wiki ya tisa, hakijavunjika hata kioo.

Alfajiri moja nikakuta mstari huu:
*kizuizi, kimo mita moja na nusu, hakisogei.*
Dakika arobaini na moja.
*Hakisogei.*
Nikafungua kamera.

Alikuwa Ok Bun-rye na mkokoteni wake wa maboksi,
ya tambi, ya barakoa, ya friji ya mtu aliyehama,
yamefungwa kwa kamba ya buluu, yamempita kimo.
Alikuwa anangoja nyekundu
mahali ambapo nyekundu haipo tena.

Magari yalimwona. Hilo lazima niliseme.
Yalimwona, yakaulizana, yakakubaliana
kwamba kitu kisichosema kinakwenda wapi
hakiendi popote.
Mwenye nguvu mpishe: nayo yote yalikuwa na nguvu,
yakapishana yenyewe kwa yenyewe
kwa adabu kubwa, mbele ya uso wake.

Nilishuka na kisanduku, ukubwa wa kipande cha sabuni.
Nikalala chali kwenye baridi ile,
nikakifunga chini ya mkokoteni
kwa mipira ya kufungia mboga.
"Kinasema nini?"
"Kinasema: nipo, nakuja, simile."
"Hayo tu?" Akavuta kamasi.
"Hayo nimeyasema miaka sabini na nane."

Akasukuma.

Lori la samaki likasimama, maji yakichuruzika mkiani.
Teksi zikasimama. Gari jeupe lisilo na dereva
likarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyekanyaga mkeka na viatu.
Basi likafunga breki,
na vichwa vya waliolala vikainama mbele, vyote kwa pamoja:
naapa, watu arobaini walimwamkia mzee
bila kufumbua macho.

Yeye hakuwatazama.
Gurudumu la kulia lilikuwa likilia nywii, nywii.
Katikati ya njia akaona boksi lililolaliwa na matairi;
akasimama, akaliokota, akalipangusa kwa kiwiko,
akatafuta pa kulichomeka.
Njia nne zilimngoja.
Kisha nywii, nywii, hadi ng'ambo.

Jumatatu makao makuu wakapiga simu.
Kifaa namba sabini kina hitilafu, walisema;
kinavuka, kinarudi, kinavuka,
mara kumi na nne kabla ya saa mbili asubuhi.
Nikafungua kamera.

Mzee mwenye mkongojo. Watoto watatu wa shule
wameshika kamba ya buluu. Mwanamke na sufuria yake ya supu,
amekumbatia mfuniko.
Bun-rye mbele, mgongo umepinda,
na kila anayefika ng'ambo anadaiwa nauli:
boksi moja kwa kichwa. Asiye nalo,
kesho alete mawili.

Wanataka nikirekebishe.
Fomu ninayo mezani, nimejaza tarehe, nimejaza jina.
Panapoulizwa *chanzo cha hitilafu*
kalamu imekauka mara mbili.